Disleksia hufuata ukoo: tuulize habari za baba, mama na wajomba kabla mtoto hajafeli

Mwalimu wa Kondele, Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Katika shule nyingi za huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, mtoto anayeshindwa kusoma huulizwa maswali mengi, na karibu yote humhusu yeye peke yake: analala saa ngapi, anacheza na nani, mbona hatulii, nani amemtupia jicho baya. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni lile ambalo utafiti wa zaidi ya karne moja umelionyesha kuwa na uzito mkubwa, yaani ni nani mwingine katika ukoo aliyepata shida kama hii alipokuwa shuleni. Nimefungua uzi huu kwa sababu ninaamini kwamba historia ya familia ndicho kipimo cha mapema na cha bei nafuu zaidi tulicho nacho, na hatukitumii.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa kwa usahihi na kwa kasi, pamoja na ugumu wa tahajia, kwa mtoto ambaye amefundishwa, anaona, anasikia, na anaelewa vizuri anayoambiwa kwa mdomo. Kwa watoto wengi kiini chake si macho, bali ni namna ubongo unavyozichambua sauti za lugha na kuziunganisha na herufi. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba huwapata watu 5 hadi 10 katika kila 100. Mtoto wa namna hii anaweza kukusimulia hadithi ya sungura na fisi bila kuacha tukio hata moja, kisha ukimpa ukurasa wenye hadithi hiyo hiyo akaanza kutokwa na jasho kwenye mstari wa kwanza.

Mwaka wa 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye hesabu alizimudu lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy", na ambaye mwalimu wake alisema angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni lau mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuona kwamba hali hiyo hujirudia ndani ya nyumba moja. Mwaka wa 1907 James Hinshelwood wa Glasgow alichapisha taarifa za ndugu wanne wa familia moja, na mwaka wa 1950 Bertil Hallgren wa Sweden akatoa uchunguzi wa watu 276 wenye shida hiyo, wagonjwa pamoja na jamaa zao. Hallgren alidhani kuwa inarithiwa kupitia jeni moja yenye nguvu. Katika hilo sayansi ya baadaye haikukubaliana naye, ila kuhusu urithi wenyewe alisema kweli.

Msomaji makini atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama jambo kupatikana ndani ya familia kunatosha kuthibitisha kwamba limo katika damu. Hakutoshi. Umaskini nao hukaa katika familia, na nyumba isiyo na kitabu hata kimoja huweza kuzaa nyumba nyingine isiyo na kitabu. Ndiyo maana watafiti waliwageukia mapacha. Huku kwetu mapacha wana majina yao, Opiyo na Odongo kwa Waluo, Mukhwana na Mulongo kwa Wabukusu, lakini majina hayo hutuambia tu nani alitangulia kuzaliwa. Hayatuambii kama wametoka katika yai moja au mayai mawili. Tofauti hiyo ndiyo yenye jibu. Mapacha wa yai moja wana urithi ule ule, wakati wa mayai mawili hulingana kwa wastani wa nusu tu kama ndugu wengine, ilhali wote wanalelewa katika nyumba moja. Katika uchunguzi mkubwa wa Colorado, Marekani, ulioongozwa na John DeFries, pacha mmoja wa yai moja alipokuwa na disleksia, mwenzake alikuwa nayo katika takriban asilimia 68 ya jozi. Kwa mapacha wa mayai mawili ilikuwa takriban asilimia 38. Kama malezi pekee ndiyo yangekuwa chanzo, viwango hivyo viwili vingekaribiana. Kama urithi pekee ndio ungekuwa chanzo, kiwango cha kwanza kingefika 100.

Kwa mzazi, takwimu inayohitajika zaidi ni hii: Margaret Snowling na Monica Melby-Lervåg walipokusanya pamoja, mwaka wa 2016, tafiti zilizowafuatilia watoto kutoka familia zenye disleksia, walikuta kwamba kwa wastani asilimia 45 kati yao waliipata. Hiyo ni mara kadhaa zaidi ya kiwango cha kawaida, na bado zaidi ya nusu hawakuipata.

Mzazi mmoja, fundi wa pikipiki ambaye mafundi wenzake humletea injini zilizowashinda, alikuja shuleni kuulizia kijana wake wa gredi ya tatu. Nilimfungulia daftari. Neno ng'ombe lilikuwa limeandikwa mara tatu katika ukurasa mmoja, na kila mara kwa namna yake: ngobe, ngomde, nogbe. Mbuzi alikuwa buzi, ndizi ilikuwa dizi, na shamba lilikuwa limegeuka shaba. Alipitisha kidole chini ya maneno hayo polepole, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe aliacha shule katika darasa la sita kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba kaka yake alichapwa hadi akatoroka. Binti yake mdogo ndiyo kwanza alikuwa anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali. Kwa maoni yangu, jambo kubwa lililojulikana siku hiyo halikutoka katika daftari la kijana, bali katika habari za baba na baba mkubwa, kwa maana zilituonyesha kwamba yule msichana, ambaye hakuwa na daftari lenye kosa lolote, tayari alikuwa mtoto wa kuangaliwa kwa karibu.

Mtoto kama huyo hahitaji kungojewa hadi ajue kusoma ndipo apimwe. Mwambie aseme "kalamu" bila "ka". Mwombe akutajie neno linaloanza kwa sauti kama ya "maji". Mwonyeshe mstari wa picha anazozijua, kikombe, mkono, kuku, kiti, azitaje upesi upesi, uone kama anakwama penye majina ambayo hayamshindi akiwa katika mazungumzo. Angalia kama herufi alizofundishwa wiki nzima zinapotea kila Jumatatu. Huko Jyväskylä, Finland, watafiti waliowafuatilia watoto wa takriban familia 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakiwa na mzazi mwenye disleksia, waliona tofauti katika jinsi ubongo wa mtoto mchanga unavyopokea sauti za usemi, na wakaona kwamba ujuzi wa herufi kabla ya kuanza shule hutabiri vizuri nani atakwama baadaye. Kungoja gredi ya nne ni kupoteza miaka ambayo mafunzo ya sauti na herufi huzaa matunda mengi zaidi.

Baba wa Bahati, Nakuru

Mwalimu, shukrani kwa maelezo haya. Kwetu jambo hili limeleta mvutano wa nyumbani. Mvulana wetu ana shida hiyo, dada zake wawili hawana, na jamaa za upande wangu wamekwisha kuamua kwamba imetoka kwa mke wangu, kwa kuwa shemeji zangu hawakumaliza shule. Mama yangu mzazi hushikilia kwamba mvulana huchukua vya wajomba. Je, kuna ukweli wowote katika hayo?

Mwalimu wa Kondele

Baba, nashukuru kwa kuuliza waziwazi. Nianze na shemeji zako. Kutomaliza shule si ushahidi wa disleksia. Wengi wa rika hilo waliacha kwa ajili ya karo, ajira ya mashambani au msiba wa mzazi. Linalofaa kuulizwa ni kama walipokuwa darasani kusoma kwenyewe kuliwashinda wakati wenzao waliendelea.

Kuhusu wajomba, dhana ya mama ingekuwa na msingi kama disleksia ingebebwa na kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama yake tu. Lakini baba humpa mwanawe wa kiume disleksia mara nyingi tu, jambo ambalo lisingewezekana kama njia ingekuwa hiyo peke yake. Na watafiti walipoanza kutafuta mahali hasa palipo na urithi huo, walipata dalili katika kromosomu ambazo wazazi wote wawili humpa mtoto: mwaka wa 1983 katika kromosomu ya 15, na mwaka wa 1994 katika kromosomu ya 6. Hivyo urithi huu unaweza kutoka kwako, kwa mke wako au kwenu nyote wawili, na mzazi anayesoma vizuri kabisa anaweza kuwa na sehemu yake bila kuonyesha lolote. Nakuomba ulifikishe hilo kwa mama kwa heshima zote, kwa maana mke anayelaumiwa huacha kusimulia habari za kwao, na habari hizo ndizo tunazozihitaji.

Ni kweli wavulana hupatikana zaidi, ila sehemu ya tofauti hiyo imetokana na sisi walimu. Mvulana aliyekwama hupiga kelele na kupelekwa kupimwa. Msichana aliyekwama hunyamaza, hunakili daftari la jirani, na kupandishwa darasa. Wasikilize binti zako wakisoma kwa sauti kitabu wasichokikariri.

Muuguzi, Kakamega

Katika kliniki zetu tumezoea ugonjwa wa selimundu, ambao kwa kipimo cha damu tunaweza kumweleza mzazi hali ya mtoto. Kwa nini basi disleksia isipimwe vivyo hivyo, ikiwa imo katika jeni? Nimeona matangazo ya kampuni za kupima DNA kwa mate.

Mwalimu wa Kondele

Umegusa mahali ambapo watu wengi hupotea, dada, na mfano wako wa selimundu unanisaidia kueleza. Selimundu hutokana na badiliko katika jeni moja inayojulikana. Wazazi wawili wanapolibeba bila kuugua, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kati ya nne wa kuupata, na kipimo hutoa jibu la ndiyo au la. Disleksia haina jeni ya namna hiyo.

Kwa muda fulani watafiti walitumaini kuipata. Mwaka wa 2003 kikundi cha Juha Kere nchini Finland kilitangaza jeni iitwayo DYX1C1, iliyogunduliwa katika familia moja ambamo vipande vya kromosomu ya 2 na ya 15 vilikuwa vimebadilishana nafasi. Miaka iliyofuata zikatajwa KIAA0319 na DCDC2 katika kromosomu ya 6, na ROBO1 katika kromosomu ya 3. Majaribio kwa panya yaliashiria kwamba baadhi ya jeni hizi huongoza safari ya seli za neva kuelekea mahali pake katika gamba la ubongo kabla ya kuzaliwa, na wazo hilo lilipendwa kwa sababu Albert Galaburda wa Boston alikuwa amekwisha kuona, katika bongo za marehemu wachache waliokuwa na disleksia, vishada vya seli vilivyokaa mahali pasipo pake. Hata hivyo, tafiti za baadaye katika familia nyingine hazikukubaliana kila mara.

Mwaka wa 2022 ukatoka uchunguzi uliobadilisha mazungumzo yote. Catherine Doust na wenzake walitumia data za wateja wa 23andMe, mojawapo ya kampuni hizo za kupima DNA kwa mate: watu 51,800 waliosema wamewahi kuambiwa kuwa wana disleksia, na wengine zaidi ya milioni moja wasio nayo. Walipata sehemu 42 za jenomu, yaani DNA yote ya mtu, zinazohusiana nayo, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana, na zile jeni maarufu za awali hazikufikia kiwango cha uthibitisho kilichowekwa. Zaidi ya hayo, walipojumlisha athari za sehemu nyingi kuwa alama moja kwa kila mtu, alama hiyo ilieleza si zaidi ya asilimia 6 ya tofauti za usomaji kati ya watu waliopimwa kando.

Kwetu sisi kuna kikwazo kingine, na hili linaniuma. Uchanganuzi huo ulihusu watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani, na alama zilizotengenezwa kwa Wazungu hupoteza nguvu zinapotumiwa kwa Waafrika. Mzazi wa Mumias atakayelipa pesa za mahindi yake kupimisha mate atarudishiwa karatasi isiyomwambia chochote kuhusu mwanawe. Mazungumzo ya nusu saa na bibi na babu wa pande zote mbili yatamfaa zaidi.

Mama Pacha, Webuye

Wanangu ni wavulana, na hospitalini tuliambiwa ni wa yai moja. Mukhwana anasoma. Mulongo anahangaika hadi analia. Kama urithi wao ni mmoja, je, si kweli basi kwamba Mulongo ni mvivu, kama anavyosema mwalimu wake?

Mwalimu wa Kondele

Hapana, Mama Pacha, na ninaomba usiruhusu neno hilo lirudiwe mbele ya mtoto. Katika takwimu za Colorado, karibu theluthi moja ya jozi za yai moja hazikufanana. Watoto wawili wenye DNA ile ile hawapitii mambo yale yale: mmoja huzaliwa akiwa na uzito mdogo zaidi, mmoja huugua masikio mara kwa mara katika miaka ya kujifunza kusema, na ukuaji wenyewe wa ubongo una mambo ya nasibu yasiyoandikwa katika jeni. Mpeleke Mulongo apimwe masikio na macho kwanza.

Kisha, tafadhali, mwangalie tena Mukhwana. Mara nyingi yule anayesemekana kuwa sawa husoma bila makosa lakini polepole mno, au tahajia yake ina udhaifu ambao hakuna aliyeujali kwa sababu ndugu yake alikuwa na hali mbaya zaidi.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu wake anapaswa kulijua. Mwaka wa 2010 Jeanette Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya mapacha wa Florida, yakionyesha kwamba chini ya walimu bora athari za urithi katika usomaji huonekana wazi zaidi, na chini ya walimu dhaifu hufifia, kwa kuwa watoto wote huvutwa chini pamoja. Urithi si kiasi kilichowekwa mara moja kwa dunia nzima. Katika darasa la wanafunzi themanini ambamo vitabu havitoshi, mtoto mwenye urithi mzuri kabisa anaweza kushindwa kusoma, na yule mwenye disleksia akapotea katikati ya wenzake. Kwa hiyo, tunapokuta darasa zima limekwama, tusikimbilie kuzungumza juu ya jeni.

Msomaji wa isimu, Maseno

Ningependa kuongeza jambo kuhusu lugha, kwa kuwa linagusa moja kwa moja hiyo historia ya familia. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na katika maandishi ya aina hiyo disleksia hujitokeza zaidi kwa mwendo wa polepole na makosa ya tahajia kuliko kwa kusoma vibaya. Eraldo Paulesu na wenzake walionyesha mwaka wa 2001 kwamba Waitaliano wenye disleksia walisoma kwa usahihi kuliko Waingereza na Wafaransa wenye hali hiyo, ilhali picha za ubongo zilionyesha upungufu ule ule katika makundi yote matatu. Kiingereza, chenye maandishi yasiyotabirika, huifichua shida. Dholuo, lugha ya Waluo, iko kati na kati: ina vokali tisa lakini huandikwa kwa herufi tano tu, na toni haziandikwi kabisa, kwa hiyo msomaji lazima akisie neno kutokana na muktadha. Mzee wa Siaya au wa Vihiga anaweza kusema kwa dhati kwamba yeye hakuwa na shida ya kusoma, bali "Kiingereza tu kilimkataa".

Mwalimu wa Kondele

Nakubaliana nawe kabisa, na hilo ndilo linalonifanya nisimuulize mzazi kama ana disleksia, kwa maana wengi wa watu wazima wa kwetu hawakupimwa na hawatalijua jina hilo. Huuliza mambo yanayoonekana. Je, yuko katika ukoo mtu ambaye hutuma ujumbe wa sauti hata kwa jambo la maneno mawili? Anayekwepa kusoma Biblia kwa sauti kanisani ingawa aya nyingi anazijua kwa moyo? Anayempa mkewe au mtoto wake ajaze fomu ya benki? Aliyekariri darasa zaidi ya mara moja huku akiongoza katika hesabu za kichwa? Aliyechelewa kuzungumza utotoni? Ninauliza pia kuhusu mtu asiyetulia wala kumakinika, kwa kuwa upungufu huo wa umakini na disleksia huandamana mara nyingi na hushiriki sehemu ya urithi.

Majibu ninayaandika katika karatasi moja: mtoto katikati, ndugu zake pembeni, wazazi juu yake, kisha wajomba, shangazi, baba wakubwa na wadogo, halafu mababu na mabibi, na kando ya kila mmoja neno au mawili yaliyosimuliwa juu yake. Mzazi akienda katika EARC, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, aina ya vituo ambavyo vimekuwako nchini tangu 1984, aichukue karatasi hiyo pamoja na madaftari ya mtoto ya muhula huu na ya muhula uliopita, matokeo ya kupimwa macho na masikio, na barua ya shule. Asisubiri mwaka wa mtihani, kwa sababu mipango maalumu ya mtahiniwa huombwa kupitia shuleni wakati wa usajili, na mtoto asiye na taarifa yoyote ya tathmini hana cha kuambatanisha. Na kama ana mdogo wake aliye PP1 au PP2, aende naye siku hiyo hiyo.